Tulisema nusu kwa nusu, sasa hatuelewani ni nusu ya nini (mbao za mtiki)

Chenso wa Kongowe

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho, kwa sababu pesa za watu ziko kwenye simu yangu na usingizi siupati.

Mimi napasua mbao kwa chenso, yaani msumeno wa mnyororo. Nakaa Kongowe, kazi nafanya kuanzia Mbagala kushuka mpaka Mkuranga, mara mojamoja Kisarawe. Miembe iliyoegemea nyumba, mikorosho iliyochoka kuzaa, na mitiki ya watu binafsi ikipatikana. Huu mwaka wa nane.

Kuna mama mjane ana shamba ndani ndani huko baada ya Vikindu. Marehemu mumewe alipanda mitiki pembeni mwa shamba mwaka 1999, na sasa miti 22 ilikuwa imefikia kukatwa. Visiki tulivipima, vingi ni sentimita 32 mpaka 36. Tulikwenda mimi na swahiba wangu mwenye Kenta, lori dogo. Tulikaa barazani kwake, akatuletea chai, akasema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo: "Miti yangu, kazi yenu, nusu kwa nusu." Tukapeana mikono. Hakuna aliyeandika chochote, na wakati ule niliona ni heshima kutokuandika.

Kazi tuliifanya kwa taratibu zote. Barua ya serikali ya kijiji ilipatikana, afisa misitu akaja kupima na kugonga nyundo, tukalipia kwa kontroo namba, tukachukua hati ya kusafirishia. Nalitaja hili kwa sababu ndilo gharama ya kwanza iliyotutoka kabla hata mti mmoja haujalala chini.

Tulikuwa watatu shambani: mimi, mwenye Kenta, na dogo mmoja wa mtaani kwetu ambaye huwa nafanya naye. Siku tisa kwa jumla, siku saba ndizo za chenso. Siku ya saba, jioni, tunageuza gogo tulilowekea kabari, kabari ikachomoka, gogo likabingirika na kumpanda dogo mguu wa kushoto. Alikuwa amevaa ndala. Mfupa juu ya vidole ulivunjika sehemu mbili, akafungwa plasta, akaambiwa wiki sita asiukanyagie.

Mbao zilitoka hivi. Zote futi 12, vipimo kwa inchi: moja kwa nane, vipande 58. Mbili kwa sita, 40. Mbili kwa nne, 24. Zilizopasuka vichwa sikuzihesabu. Tuliziuza Buguruni na nyingine zikaenda Keko: moja kwa nane 32,000, mbili kwa sita 48,000, mbili kwa nne 28,000. Jumla 4,448,000. Mabanzi tuliwauzia watu wa mabanda na mama lishe, 112,000. Yote pamoja 4,560,000.

Zilizotoka mfukoni: petroli, oili na minyororo miwili 340,000. Kibali, hati na ushuru 310,000. Chakula siku tisa 180,000. Mafuta ya Kenta safari mbili 130,000. Wabebaji 90,000. Matibabu ya dogo 245,000. Jumla 1,295,000, na sehemu kubwa nilitanguliza mimi. Nilikopa kikoba 400,000, riba yake sijaiweka humu, hiyo ni juu yangu.

Sasa ugomvi. Mama anasema nusu ni nusu ya mauzo, yaani 2,280,000. Mwenye Kenta anasema hakuna faida kabla ya gharama: toa 1,295,000, inabaki 3,265,000, nusu ya mama ni 1,632,500. Kati ya hesabu hizo mbili kuna 647,500. Kwa mama mjane hiyo si pesa ya kusema "haya, basi."

Halafu nusu yetu sisi. Mwenye Kenta anataka mimi na yeye tugawane sawa, dogo alipwe kibarua 15,000 kwa siku saba, 105,000, mambo yaishe. Mimi dogo nilimwambia siku ya kwanza, "Twende, tukimaliza nitakukumbuka." Ndiyo ahadi yote niliyompa. Sasa amelala kwao na mguu uko juu ya mto, mama yake ananiita mwanangu kila nikienda, na mimi sina jibu.

Kingine, chenso ni yangu. Ni Stihl niliyonunua kwa mkono wa pili kwa 1,300,000, na mtu akiikodi bila mafuta ni 50,000 kwa siku. Je, nina haki ya kuihesabia, au nikifanya hivyo ninajipendelea? Maana hata mwenye Kenta atasema na gari lake nalo lihesabiwe.

Sitaki niambiwe kwamba ningeandika mkataba. Hilo nimeshajua. Nataka kujua sasa, pesa zikiwa hapa, haki ya kila mtu ni ipi.

---

Dada wa Mbagala

Kaka, pole kwa dogo, na hongera kwa kuuliza kabla hujagawa.

Soma tena maneno ya mama uliyoyaandika mwenyewe. Hakusema "nusu kwa nusu" peke yake. Alisema "miti yangu, kazi yenu." Sasa niambie, petroli ya chenso si kazi? Chakula mlichokula si kazi? Mngekuwa mmeajiriwa na tajiri wa Mikocheni mngemwambia akate ugali wenu kwenye pesa yake? Yeye ametoa miti. Miaka 25 na zaidi miti ile imekaa pale, jirani anachoma shamba yeye anakimbia kuzima, mbuzi wanaingia yeye anafukuza. Hiyo hamkuiandikia risiti kwa sababu haina risiti.

Kwetu baba yangu mdogo alikuwa na mikangazi mitatu, Kisarawe. Walikuja watu, wakasema nusu kwa nusu. Mwisho wa siku gharama zilikuwa nyingi kuliko mbao, na kila gharama ilikuwa na maelezo yake mazuri. Alipata laki moja na elfu ishirini kwa mikangazi ambayo mtu mmoja haizungushii mikono. Ndiyo maana nikisikia "toa gharama kwanza" mwili unanisisimka.

Ila kibali nakubali. Kibali ni cha miti, na bila kibali miti yake ingebaki kuwa kivuli. Hapo achangie.

---

Fundi wa Keko

Mkuu, mimi nanunua mtiki, kwa hiyo nitasema upande ambao hakuna atakayeusema.

Miti 22 yenye visiki hivyo, magogo yako hayakupungua mita za ujazo saba na nusu, labda nane. Piga hesabu ya mbao ulizotaja: mbili kwa sita ya futi 12 ni futi moja ya ujazo, moja kwa nane na mbili kwa nne kila moja ni theluthi mbili ya futi. Zote 122 hazifiki futi 95, yaani mita 2.7. Theluthi moja tu ya gogo imekuwa mbao. Iliyobaki ni mabanzi na unga uliouacha shambani.

Sikulaumu, chenso ndivyo ilivyo. Mnyororo unakula karibu sentimita moja kila ukipita. Msumeno wa utepe, ule wa mashine ya mbao, unakula milimita mbili au tatu. Ukipasua moja kwa nane, unene wa mbao ni sentimita mbili na nusu, kwa hiyo kila mbao tatu unazotoa, mnyororo umekula nyingine moja. Nauliza: mama alijua? Kama mlikuwa na uwezo wa kupeleka magogo kwenye mashine na mkachagua chenso kwa sababu ni yako, basi ile mbao iliyogeuka unga ilikuwa yake nusu. Kama magogo yasingetoka shambani bila kupasuliwa, hapo huna lawama.

Bei ulizouza ni za haki. Mtiki wa umri huo una weupe mwingi pembeni, na weupe wadudu wanaula kama mti mwingine wowote. Kiini ndicho mchwa wanakikimbia. Tukipata mzigo wa Longuza au Mtibwa, mashamba ya mitiki ya serikali, miti iliyokaa zaidi ya hapo, weupe ni kidogo na bei inapanda. Watu wanadhani mtiki ni mtiki tu.

Ushauri wangu wa safari ijayo: msigawane pesa, gawaneni mbao. Zipangeni shambani kwa vipimo, moja yako moja yake, mpaka ziishe. Kila mtu akauze anakotaka. Mwenye mti anaona kwa macho, hakuna cha kumhesabia.

---

Suka wa Mbagala

Humu wote mnamuona mwenye Kenta kama mchoyo, ngoja niseme na mimi ni dereva wa mizigo barabara ya Kilwa.

Gari likikamatwa na mbao ambazo karatasi yake ina kasoro, kinachoshikiliwa kwanza ni gari. Chenso inakuwa imeshafika nyumbani. Sheria ya misitu inaruhusu hata kutaifisha chombo. Yule mtu kila anapopita geti la maliasili moyo unamdunda, na gari ndilo linalolisha nyumba yake. Njia ya huko ndani baada ya Vikindu mnaijua wakati wa mvua? Tairi moja likichanika kwenye kisiki faida yote imekwenda. Kenta safari moja kutoka huko haipungui 150,000 kwa mtu baki. Amefanya safari mbili na kudai mafuta tu.

Kuhusu dogo, mguu ni bahati mbaya. Mmemtibu, mlipeni vibarua vyake. Mkianza kumpa kila msaidizi fungu, kesho hamtafanya kazi.

---

Chenso wa Kongowe

Nashukuru sana wote. Dada, umenigonga mahali. Nilirudia yale maneno "kazi yenu" usiku mzima.

Fundi, mashine ya karibu ipo lakini Kenta haikuweza kupakia magogo ya futi 12 bila kreni, na watu watatu tusingeyainua. Hata hivyo mama sikumweleza habari ya unga. Nitamweleza.

Suka, nimekuelewa kwenye gari, na hilo la kukamatwa sikuwa nimelipima. Kwenye dogo sikubaliani na wewe. Bahati mbaya ingekuwa tawi limeanguka lenyewe. Kabari niliikata mimi, kwenye gogo nilisimama upande salama mimi, na ndala nilimwona nazo kutoka asubuhi nikanyamaza kwa sababu buti sikuwa nazo za kumpa. Siwezi kuita hiyo bahati.

---

Mpanda Miti Chanika

Naufuatilia uzi huu, nina mikaratusi 60 na jamaa wanakuja Jumamosi kuangalia. Leo leo nanunua daftari.

---

Mzee wa Temeke

Assalaam alaykum vijana wangu, na wasio Waislamu nawasalimu pia.

Jambo lenu si geni, wafanyabiashara wamelijua karne nyingi. Kuna ushirika ambao mmoja anatoa mali na mwingine anatoa kazi, sisi tunauita mudharaba. Kanuni zake nyepesi. Faida mnagawana kwa fungu mliloafikiana, nusu, theluthi, mtakavyo. Hasara ya mali ni ya mwenye mali, na mfanyakazi hasara yake ni jasho lake kupotea bure, ila kama alizembea. Lakini faida ni kile kinachozidi baada ya gharama za biashara yenyewe. Kwa hiyo mwenye Kenta hajakosea moja kwa moja, na huyo binti naye hajakosea, kwa sababu lazima muulize: gharama ipi ni ya biashara na ipi ni ya mtu? Kibali, usafiri wa mzigo, wabebaji, ni ya biashara. Chakula mngekula hata mkikaa nyumbani.

Kuhusu chenso na gari. Chombo kipewe kodi, mikono ipewe fungu. Usikipe chombo kodi halafu ukaja tena kudai fungu kubwa kwa sababu chombo ni chako. Ukifanya hivyo umekula mara mbili. Toeni kodi ya chenso kwa siku zilizofanya kazi, toeni kodi ya gari kwa safari zilizokwenda, mafuta yasihesabiwe mara mbili, kinachobaki kigawiwe kwa mikono.

Na mikono ilikuwa mitatu, mwanangu. "Nitakukumbuka" si ujira. Ujira hutajwa kabla mtu hajainua panga. Tumeambiwa tumlipe kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na huyu jasho limekauka zamani. Kwa kuwa hukumtajia ujira wa siku, huwezi leo kuchagua kiwango kidogo kwa niaba yake wakati amelala. Mpe kama mwenzenu.

---

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi ya hesabu miaka mingi, nitakuwa mfupi.

Mmeshirikiana kutafuta faida, kwa hiyo sheria inaweza kuwaona ni wabia hata bila karatasi. Mambo ya ubia yamo kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na msingi wake ni huu: pasipokuwa na makubaliano tofauti, wabia hugawana faida sawa na hasara sawa. Kwenu na mama makubaliano yalikuwepo, nusu. Kati yenu nyinyi wawili hayakuwepo. Dogo ni swali: ni mbia au mwajiriwa? Kama ni mwajiriwa, kuumia kwake kazini ni jukumu la mwajiri. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unafanya kazi tangu 2015, lakini waajiri wadogo wengi hawajajisajili, na mzigo unawarudia wenyewe kama ulivyokurudia wewe.

Lakini mbona hakuna aliyeuliza jambo kubwa kuliko yote? Miti alipanda marehemu. Mirathi imefunguliwa? Msimamizi ni nani? Marehemu ana watoto? Kama mirathi haijagawanywa, mitiki ile si ya mama peke yake. Kwa sheria ya Kiislamu mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni, sehemu moja ya nane. Ukimkabidhi nusu nzima leo, na kesho mtoto mkubwa akaja kuuliza miti ya baba imekwenda wapi, atakuuliza wewe uliyeikata.

Usigawe senti mpaka ujue hilo. Na utoe taarifa ya miamala kwenye simu, uichapishe, uende nayo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

---

Chenso wa Kongowe

Wakuu, ni wiki tano zimepita. Niliahidi moyoni kwamba nitarudi kuandika lilivyokwisha, kwa sababu nimeshasoma nyuzi nyingi za humu ambazo muulizaji anapotea.

Swali la Karani lilinitoa jasho. Kesho yake nilimpigia mama, shikamoo mama, nikamuuliza kuhusu watoto. Wapo watatu, mkubwa yuko Mwanza. Mama ndiye msimamizi wa mirathi, alithibitishwa na mahakama ya mwanzo, karatasi ninayo nakala. Lakini mtoto mkubwa hakuwa amejulishwa habari ya miti. Mama alidhani kwa kuwa yeye ni msimamizi hana haja ya kuuliza. Tulimpigia pamoja, simu ikiwa kwenye spika. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Ile miti nilimshikia baba maji wakati anapanda." Sikujua niseme nini, nikamwambia pole. Akaomba mbao mbili zisiuzwe. Bahati nzuri kulikuwa na zile zilizopasuka vichwa, nilikata ncha, zikatoka mbili nzuri za futi tisa. Ziko kwa mama zinamsubiri.

Jumapili tukakaa barazani palepale. Mimi, mwenye Kenta, mama, mdogo wake mama wa kiume, na dogo tulimleta na bajaji. Nilikwenda na daftari, risiti zote, na taarifa ya M-Pesa iliyochapwa. Nikasoma kila mstari kwa sauti. Nikaeleza na habari ya unga wa chenso, mama akauliza kwa nini sikusema mwanzo, nikamwambia nilikosea.

Kisha nikaweka hesabu hii. Gharama za biashara, yaani kibali, petroli na minyororo, mafuta ya Kenta na wabebaji, ni 870,000. Hizo zitoke kwanza, inabaki 3,690,000. Mama nusu, 1,845,000, yeye na wanawe wagawane kwa sheria yao. Chakula na matibabu, 425,000, vitoke upande wetu peke yetu, kwa sababu kula ni kwetu na mguu ulivunjika mikononi mwetu. Dada wa Mbagala, petroli najua hutaipenda kuwa humo. Niliileta mbele ya mama bila kuificha, nikamwambia kuna mtu amesema petroli ni kazi yetu. Mama akafikiri, akasema, "Petroli imeangusha mti wangu, na mti umeuzwa. Ugali umeingia tumboni mwenu." Akacheka. Ndivyo ilivyopita.

Upande wetu ikabaki 1,420,000. Kodi ya chenso siku saba, 350,000. Kenta safari mbili ni 300,000, tukatoa mafuta ambayo yalishahesabiwa, ikawa 170,000. Iliyobaki 900,000, mikono mitatu, kila mmoja 300,000. Mimi nikaondoka na 650,000, mwenye Kenta 470,000, dogo 300,000 pamoja na kutibiwa.

Swahiba wangu hakufurahi. Kwa hesabu yake ya kwanza angepata zaidi ya laki saba na nusu. Alipokea, akamsalimia mama vizuri, lakini njiani kurudi hatukuongea kuanzia Vikindu mpaka Kongowe. Juzi amenipigia kuniuliza kama dogo ameanza kutembea, kwa hiyo mlango haujafungwa. Nilimwambia ukweli, kwamba hatari ya gari lake naiona, na kazi ijayo kodi ya Kenta tutaitaja kabla, pamoja na nani atabeba likikamatwa. Suka, hilo nimelichukua kwako.

Dogo plasta imetoka. Anachechemea bado. Kiasi katika pesa yake alimpa mama yake, kiasi amenunua redio ya mtumba, ni yake, sina la kusema. Buti nimenunua jozi mbili pale Mbagala Rangi Tatu, 35,000 kila moja, moja yake. Nimeziweka juu ya chenso ili nisiweze kuichukua bila kuzigusa.

Nikiongezea moja. Wiki iliyopita nilipeleka zile mbao mbili kwa mama, nikapita shambani. Visiki vimechipua vyote isipokuwa vitatu, mvua imevikubali, machipukizi yanafika magotini na majani yameshakuwa mapana kama sinia. Mama aliniuliza afanyeje. Nilimwonyesha: abakize chipukizi moja kwenye kila kisiki, lile lililotokea chini karibu na udongo, mengine ayang'oe. Tukaanza pamoja, tukafika cha kumi na moja jua likazama. Akaniuliza na hii nayo tutaandikiana nusu? Nikamwambia hapana mama, humu mimi sina fungu, andika majina ya watoto. Daftari alikuwa nalo mkononi, la kwake mwenyewe, jipya.